Kila Mtu Fundi, Brashi Hakuna

Ukiwa Njombe mwezi wa saba, usimwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unaota moto sebuleni. Atadhani unajidai. Hajui kwamba mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukinawa uso unajuta kuamka. Sisi tuliopanga nyumba za enzi za mkoloni tuna dohani, na anayetuonea wivu angejua adha ya kuisafisha angeshukuru Mungu kwa blanketi lake.

Mzungu aliyejenga nyumba hii alituachia matofali, vyuma vya kuwekea kuni na ubao wa kupanga picha za harusi juu ya moto. Brashi akaondoka nayo.

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uulizie brashi ya dohani. Muuzaji hakwambii hana, maana kukosa bidhaa ni aibu. Anakuletea brashi ya choo. Ukikataa, anakuletea ile ya waya ya kukwangulia kutu, mpini wake hauzidi shubiri. "Hii kiboko, mzee, inatoa kila kitu." Dohani inatoka sebuleni hadi juu ya bati. Sijui anataka niingie nayo mzima mzima!

Ushauri ndio haukosekani, tena wa bure. Mwenye nyumba, ambaye kwenye kodi hana utani, anasema nichome maganda ya viazi, masizi yatadondoka yenyewe. Viazi Njombe si shida, tumechoma maganda mpaka mtaa mzima ukanuka chipsi. Masizi yakatulia palepale. Jirani yeye anaamini gunia: unalijaza majani, unatia jiwe, unafunga kamba ya katani pande zote mbili, mmoja anavutia juu ya paa, mwingine chini. Linatoa vumbi, sikatai. Nusu linaanguka sebuleni, nusu linamwangukia wa chini.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja na mwanzi. Huku mianzi imejaa kwa ajili ya ulanzi, na kwa kuwa Julai ulanzi haugemwi, aliona ni wakati mwafaka wa kuupa mwanzi kazi nyingine. Mwanzi ukakwama kwenye kona, kwa sababu hakuna aliyetuambia dohani ina kona. Hapo akaanza kumpima kwa macho mtoto wa jirani, yule mwembamba. Nikamwambia: shem, achana na mtoto wa watu. Uingereza walikuwa wakiwapandisha watoto ndani ya dohani miaka na miaka, mpaka alipokufa mtoto aitwaye George Brewster ndipo sheria ya 1875 ikaukomesha kweli mchezo huo. Akajibu, "Basi si ilikuwa inafanya kazi?"

Na masizi yenyewe si kitu kimoja. Juu kuna vumbi jeusi, hilo hata gunia linalimudu. Chini yake kuna magamba yanayobanduka yakikwanguliwa. Chini kabisa kuna lami nyeusi inayong'aa, ukiigonga kwa bisibisi inalia, na bisibisi ndiyo inayochubuka. Lami hiyo tunauziwa na muuza kuni. Anaapa kwa jina la mama yake kwamba miwati yake ni mikavu. Ukiiweka motoni, ncha ya pili inatoa povu na kufoka. Moshi wa kuni mbichi una mvuke mwingi, unapoa njiani na kuganda ukutani. Siku lami ikishika moto, dohani nzima inawaka. Na dohani ikiziba, inakurudishia kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, unalala nayo huamki. Kuni zinataka miezi ya kukauka. Yeye anahesabu tangu jana.

Mwishowe nikaagiza brashi Dar, ikaja na basi. Muuzaji alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana: dohani ni ya matofali au ya bomba la chuma, na upana wake? Ya matofali inataka brashi ya waya, ya chuma inataka ya plastiki isikwaruze, na brashi iwe pana kidogo kuliko tundu ili isugue kuta. Fito zake zinaungwa kwa skrubu, moja baada ya nyingine, na sharti ni moja tu: ukizungusha, zungusha kulia. Nikamsomea shemeji maelezo hayo kwa sauti. Akasema, "Shem, mimi na nati tumekua pamoja." Kisha akazungusha kushoto. Fito zikarudi chini, brashi ikabaki juu.

Tuliitoa kwa lile gunia la jirani, na sasa jirani hasalimiwi bila kukumbusha. Dohani ikawa safi, moto unavuta vizuri. Lakini brashi haikai nyumbani. Shemeji ameiazima, anazunguka nayo kwenye nyumba za zamani zote za mjini, anaitwa fundi dohani na analipwa taslimu. Juzi nimemwambia yangu inataka kupitishwa tena kabla baridi haijaisha. Akafungua kidaftari, akatafuta nafasi, akaniambia nisijali: kwa kuwa sisi ni ndugu, atanipunguzia bei.