Namna ya Kuharibu Tandiko kwa Heshima, Kutoka Lubumbashi Hadi Lubudi

Umenunua remorke ya farasi. Hongera, patron. Farasi mwenyewe tutamzungumzia baadaye, nafasi ikibaki. Tuanze na vitu ambavyo watu wataviona: tandiko, hatamu, lijamu, vikuku, buti ndefu na kofia ngumu. Safari ni ndefu. Utapita Likasi, utapita Fungurume, kisha utaaga lami na kuingia kwenye bulongo nyekundu. Ukinifuata vizuri, utafika Lubudi ukiwa na sifa kamili na vifaa visivyofaa tena.

1. Tandiko likae mbele

Aliyetengeneza remorke yako aliweka kachumba kadogo puani, kenye vyuma vya kubebea tandiko, ndoana za hatamu na mlango wa ufunguo. Alikuwa na nia njema, lakini hakuyajua mahitaji yako. Tandiko lililofungiwa gizani litanusurika, sawa, ila nani atajua kwamba unalo? Liweke kiti cha mbele, upande wa dirisha, ulifunge mkanda. Mama watoto akae nyuma na kofia mapajani. Lubumbashi hakuna atakayegeuka, kule wapanda farasi wapo na watu wamewazoea. Lakini ukishapita Likasi, baba anayesukuma kinga yenye magunia matatu ya makala atasimama kupumua na kukutazama. Punguza mwendo. Mtazamo wa mtu anayebeba mzigo wa kweli una thamani yake.

2. Vilivyobaki vitupe miguuni mwa farasi

Kama umemleta farasi, bila shaka. Ana kilo kama mia tano, na mkojo wake ndani ya remorke iliyofungwa hutoa hewa inayochoma macho, mapafu na ngozi. Hapo ndipo mahali pa hatamu. Akichoka kusimama atazitafuna kidogo, na wewe utakuja kugundua kazi ya meno yake siku utakayokuwa juu yake, mbele ya wageni, umevuta upande mmoja ukabaki nao mkononi.

Ila lijamu na vikuku vibaki garini, usivifunge popote. Ni vyuma, vinajitegemea. Ukikanyaga breki ghafla kumkwepa mbuzi, vitakuja mbele vyenyewe kukusalimia.

3. Uzito wote uende nyuma

Madereva wa malori ya shaba, wale wanaotoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, watakushauri uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli, remorke iegemee gari linaloivuta. Watakuambia remorke iliyolemewa nyuma huanza kutikisa mkia, kwanza polepole kama mbwa aliyemwona bwana wake, halafu ikaamua yenyewe njia ya kupita. Wana haki. Lakini wao wanabeba shaba ya watu, wewe unabeba jina lako. Pakia nyuma.

Na kwa kuwa barabarani makala ni bei rahisi, nunua magunia mawili, na unga wa bukari, uvipange vyote juu ya tandiko lako la pili, la akiba. Ndani ya tandiko kuna kiunzi kinachogawa uzito wa mpandaji kwenye mgongo wa farasi. Kikipasuka, nje haionekani kitu: ngozi inang'aa, mshono uko sawa. Anayejua ni farasi peke yake, na njia yake ya kutoa taarifa ni kukuangusha.

4. Funga likiwa bichi

Hapa ndipo ufundi wangu ulipo, kwa hiyo nisikilize kwa makini. Mtu mwenye subira hupangusa tandiko kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akatoa jasho na vumbi, akapitisha sabuni ya ngozi, akaliacha likauke kivulini penye hewa, ndipo akalipaka mafuta kidogo. Blanketi la chini hulianika peke yake. Mtu huyo ana muda. Wewe una miadi ya michopo saa kumi na moja.

Basi lichukue blanketi likiwa bado limelowa jasho, lilaze juu ya tandiko, zungushia nailoni mara tatu, kaza kamba. Chagua msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ili kazi isicheleweshwe. Baada ya siku chache fungua uone. Kwenye mishono kuna mstari wa vumbi jekundu lililogeuka tope. Pembeni kuna ramani nyeupe ya chumvi ya jasho. Na katikati, pale unapokaa, umeota ukungu wa kijani laini unaoingia bluu. Mtu asiyejua atadhani ni malakiti. Usimsahihishe. Katika nchi hii watu wamechimba mashimo kwa sababu ya rangi hiyo.

5. Sasa, kuhusu farasi

Ushauri wangu wa dhati: mwache nyumbani. Remorke tupu ni nyepesi, haina mkojo, na kutoka nje hakuna anayejua.

Ukibanwa na mzee mwenye maswali, mtolee historia. Mwambie mbung'o na ugonjwa wake wamewaua farasi wengi Afrika hii. Mwambie mwaka 1879 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aligharimia tembo wanne kutoka India, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam ili wabebe mizigo hadi bara, na wote wanne wakafa. Mwambie mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs ulipofika Bunkeya kwa mfalme Msiri, hapa hapa katika teritware ya Lubudi, mizigo ilikuja vichwani mwa wapagazi kutoka pwani. Kwa hiyo mtu kufika Lubudi bila farasi ni kufuata desturi. Akikukumbusha kwamba juu kwenye uwanda wa Biano mifugo iko na inanenepa, kwa sababu baridi ya kule mbung'o haipendi, kumbuka ghafla kwamba una simu ya kupiga.

Bariere ni jambo lingine. Pale hutaulizwa historia. Kijana mwenye filimbi atainama dirishani, atatazama kiti cha mbele, atatazama mkanda uliofungwa.

"Patron, hii kiti ni ya nini?"

"Ya farasi."

Atazunguka nyuma taratibu, atachungulia ndani ya remorke, atarudi taratibu vilevile.

"Na farasi iko wapi?"

Usitetereke. Vaa kofia kwanza. Kisha mwambie farasi anakuja nyuma, umempandisha treni. Atakufungulia njia bila neno, tena kwa huruma kidogo. Reli inapita Lubudi, wote mnaijua, na hakuna atakayekuuliza tena mpaka treni ifike.