Mgeni Aliyekuja na Daftari

Darasa la binti yangu, PP2, lina dubu wa manyoya anayeitwa Bosco. Kila Ijumaa mwalimu humkabidhi mtoto mmoja aende naye nyumbani, amrudishe Jumatatu. Mtindo huu umetoka huko Uingereza na Marekani, ambako madarasa mengi ya chekechea yana mnyama wao wa kuzunguka majumbani. Wanasema mtoto hujifunza kutunza kitu cha watu na kusimulia mambo yake. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni na daftari.

Maana Bosco haji mikono mitupu. Huja na mkoba, na ndani ya mkoba mna mswaki, nguo za kulalia na daftari la jalada gumu lenye maagizo: andikeni alivyoshinda Bosco, mbandike na picha. Mtoto wa miaka mitano anajua kuandika jina lake tu, na hata hilo kuna herufi huigeuza uso ikatazama ukutani. Sasa nani ataandika?

Sisi wazazi wa mtaala huu wa umilisi ulioenea nchi nzima mwaka 2019 hatushangai tena. Kaka yake wa gredi ya nne aliwahi kutuletea kazi ya kutengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, hapa Tudor. Ndege wetu ni kunguru, na kunguru wa Mombasa hatishiki hata na mwenye nyumba. Sanamu niliishona mimi usiku, na alama akapewa mwanangu. Lakini sanamu ile angalau ilionwa na mwalimu peke yake. Daftari la Bosco linasomwa na kila nyumba.

Ijumaa usiku, watoto wamelala, mimi na mama watoto tukalifungua tuone wenzetu wameandika nini. Hapo nikajua tumekwisha. Bosco yuko ndani ya SGR anakwenda Nairobi, pua kwenye kioo cha dirisha, nje tembo wa Tsavo wanaonekana kwa mbali. Bosco yuko kando ya bwawa la hoteli Diani, kavaa miwani ya jua, mbele yake glasi ya sharubati yenye kimwavuli. Nyumba nyingine imemfanyia sherehe ya kuzaliwa na keki ya ghorofa mbili, na wala hakuna ajuaye alizaliwa lini. Na mwandiko wenyewe! Mtu mzima kajipinda kuandika kitoto, herufi kaziangusha makusudi, lakini nukta-mkato zimekaa pale pale zinapostahiki. Mimi sijapata kuona mtoto wa chekechea mwenye nukta-mkato.

"Sisi tunampeleka wapi?" akauliza mama watoto.

Nikamwambia Jumamosi mimi huenda Marikiti. Akanitazama, hakujibu, akazima taa.

Basi Bosco akaenda Marikiti, kafungwa kwa leso mgongoni mwa binti yangu. Muuza nazi akauliza kama mtoto ameshakunywa chai. Tukamkalisha juu ya mafungu ya mchicha tumpige picha. Mwenye meza akasema picha ni bure, ila mchicha uliokwisha kukaliwa ni wa kwetu. Tumekula mchicha mpaka Jumanne.

Balaa lilikuwa nyumbani. Mamangu alimchukua Bosco, akamgeuza, akamnusa kwapani.

"Huyu amelala nyumba ngapi?"

"Nyingi, mama."

"Na kote huko hakuna aliyemwogesha?"

Kabla sijasema ni mali ya shule, Bosco yumo karaini na sabuni ya unga. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili meusi. Ya tatu ndiyo yakaanza kuona haya. Kisha akaanikwa barazani, vibanio viwili vya nguo masikioni, kati ya kanzu yangu na shuka, tumbo likidondosha maji kwenye kibaraza cha jirani wa chini. Binti akaangua kilio: Bosco anaumia! "Anayeumia ni asiyeoga," akasema mamangu, akaenda zake kuswali.

Ili binti anyamaze, ikabidi nikae naye chini ya kamba tukimngoja mgonjwa. Akaniuliza kama Bosco kwao ni Tsavo. Nikamwambia Tsavo hakuna dubu. Wa mwisho katika Afrika waliishi milima ya Atlas, huko Morocco na Algeria, wakamalizwa karne ya 19. Hawa wa manyoya kisa chao ni cha mwaka 1902. Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikwenda kuwinda Mississippi, akaletewa dubu aliyefungwa mtini, akakataa kumpiga risasi. Mchora katuni akaichora habari ile, na mwenye duka la peremende Brooklyn pamoja na mkewe wakashona mdoli, wakampa jina la rais, Teddy. Binti akafurahi, akafuta machozi. Yaliyobaki nikamficha: kwamba mwenye huruma huyo alishuka melini hapa hapa Mombasa Aprili 1909, na kufikia mwaka uliofuata yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameangusha wanyama wakubwa zaidi ya 500, simba, tembo na vifaru humo. Wanyama wetu kosa lao ni kwamba hakuna aliyewahi kuwafunga mtini.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ya Bosco ilikuwa Jumapili, na badala ya jembe mama watoto alikuwa anataka apelekwe Mama Ngina akapigwe picha na bahari. Nikagoma. Usiku nikaandika kwa mwandiko wangu wa kila siku: Bosco alikwenda sokoni, akaogeshwa na nyanya, akaanikwa. Picha nikabandika ile ya kamba, na kanzu yangu ikiwemo.

Jumatatu jioni grupu la WhatsApp la wazazi likachemka. Mama mmoja akauliza iwapo si vibaya watoto kuona mnyama ananing'inizwa kwa masikio. Mwingine akaweka uso wa kulia. Lakini baba ambaye zamu yake ndiyo inafuata aliniandikia pembeni: "Ahsante sana ndugu yangu, umetushushia bei."

Kwa hiyo walimu wetu, nawaombeni: dubu mwacheni azunguke, daftari libaki kabatini. Jumatatu mtoto asimame mbele ya wenzake aseme kwa kinywa chake walikokwenda, hata kama ni sokoni. Na wewe baba wa zamu, ukimpokea Ijumaa mweke juani kwanza kabla ya kumpandisha kitandani. Kwa nje kakauka, lakini tumboni bado mbichi.