Namna ya Kufungua Kampasi Jikoni kwa Mama

Komredi, janga jingine likija usibabaike. Kila kitu kilishafanyiwa majaribio hapa Kenya mwaka 2020, na aliyefanyiwa majaribio ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa hiyo utaratibu unajulikana. Kwa miaka mingi vyuo vyetu vilikuwa vikifungua kampasi popote penye nafasi: juu ya duka la jumla, kando ya benki, hata ghorofa moja na baa. Palisalia mahali pamoja tu ambapo havijafika, yaani jikoni kwa mama yako. Machi ile vikafika. Matofali hayakuhitajika, wala kodi, wala mlinzi wa langoni. Kilichohitajika ni wewe kwenda nyumbani na kuiendesha kampasi hiyo kwa gharama zako. Hivi ndivyo inavyofanywa.

Kwanza, hama vibaya. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo Jumapili tarehe 15 Machi, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa tarehe 20 viwe vitupu. Siku hizo zinatosha kufungasha kila kitu, na ndiyo maana hupaswi kufungasha chochote. Beba chaja, nguo mbili tatu na daftari moja la kumridhisha baba. Godoro, meko, sufuria, ndoo na ile spika inayokaribia kukizidi chumba ukubwa, viache. Jiambie ni wiki tatu tu. Panda matatu uende ushago.

Kama ulikuwa ukilala bweni la chuo, usihuzunike kuhusu kitanda chako, maana kitapata mgeni wa heshima. Mabweni kadhaa, yakiwemo ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, yaligeuzwa karantini, na waliowekwa karantini wakadaiwa gharama za kukaa huko. Godoro lile lile ulilolalia pamoja na kunguni, na pamoja na yule rafiki mliyekuwa mkimficha kila msimamizi alipobisha hodi, likapandishwa cheo likawa nyenzo ya afya ya umma. Wewe kwa miaka miwili hukuwahi kuletewa chai hapo.

Kama ulikuwa umepanga nje, Juja, Kahawa Wendani au Ngara, kaa vizuri usome aya hii mara mbili, maana hapa ndipo fedha zilipo. Tarehe 6 Aprili serikali ilifunga barabara za kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake, na haikuzifungua hadi tarehe 7 Julai. Wewe uko Siaya, godoro liko Kahawa, na kati yenu kuna askari. Tarehe tano ya mwezi ujumbe wa mwenye nyumba utaingia.

"Kijana, kodi ya Aprili."

"Mzee, sikai humo. Na barabara zimefungwa."

"M-PESA haijafungwa."

Usibishane naye, kwa sababu yuko sahihi. Haijafungwa, na tena kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kulifanywa bure tangu Machi hadi mwisho wa mwaka huo. Badala ya kubishana, chukua kalamu upige hesabu ya komredi. Tuseme bedsita ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Aprili, Mei na Juni ni 15,000, kwa chumba ambacho mpangaji wake ni mende. Ndani kuna godoro la inchi nne, meko ya kilo sita, sufuria mbili, ndoo, na spika iliyopasuka. Vyote pamoja, ukipata mnunuzi mwenye huruma, havifiki 9,000. Mtu mwenye akili ataona kwamba anakodisha ghala la vitu ambavyo angevinunua upya na chenji ibaki. Lakini chini ya godoro kuna cheti chako halisi cha kidato cha nne, ulichokificha mahali salama, na mzee anajua kuwa kila mwanafunzi ana kitu cha namna hiyo. Lipa. Ukishindwa, tegemea msimamizi wa ploti atakupigia simu siku moja, kwa sauti ya msiba, akueleze kwamba kufuli lako "lilikuwa limeharibika".

Sasa tuingie kwenye ujenzi wa kampasi yenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaya zenye kompyuta, iwe ya mezani, ya mapajani au kishikwambi, ni asilimia 8.8, na zenye intaneti ni asilimia 17.9. Takwimu hizi zilikuwa mezani mapema, zimechapishwa vizuri, na masomo ya mtandaoni yakaanzishwa hivyo hivyo. Kwa hiyo chukulia kwamba maabara yako ya kompyuta ni simu ya dada yako, ile yenye ufa unaopita katikati ya uso wa mhadhiri. Mama ana mulika mwizi, nayo itatumika kama tochi.

Baada ya hapo tafuta kilima. Kila kijiji kina mahali pa mtandao, na wazee wanapajua: kando ya tangi la maji la shule, au juu ya jiwe lile ambapo vijana hupigia simu wapenzi wao. Hapo ndipo ukumbi wako wa mihadhara. Fika mapema, utawakuta watu wa Moi, wa Maseno na wa Egerton wamekwisha kugawana kivuli. Ila zingatia kafyu. Kuanzia tarehe 27 Machi ilikuwa saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na bando la bei nafuu lina tabia ya kuwa la usiku wa manane. Chagua basi: usome kwa bei ya mchana, au usome kwa bei ya usiku na umweleze askari mwenye rungu kwamba uko katika mhadhara wa takwimu. Wachache walieleweka.

Usidhani hukusaidiwa. Julai 2020 kampuni ya Loon, yenye undugu na Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kukuletea intaneti kwa maputo. Sifanyi mzaha. Maputo 35 hivi yalielea kilomita 20 juu yetu, yakifikia eneo la kilomita mraba 50,000 hivi la magharibi na katikati mwa nchi. Ukiwa na laini ya Telkom na simu ya 4G, ungeweza kuketi shambani na chuo kikuu kikakushukia kutoka mbinguni kama mana. Januari 2021 wenye maputo wakatangaza kwamba biashara hailipi na wanafunga. Kwa maelezo zaidi, angalia juu.

Mhadhara wenyewe hauna mambo mengi. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40. Ishirini za kwanza ni za "mnanisikia?" na kumi zinazofuata ni za kumsihi mtu mmoja azime kipaza sauti chake, maana jogoo wake anajibu maswali kuliko darasa zima. Kumi zilizobaki ni elimu ya juu. Ukikosa, usijali, mwakilishi wa darasa atatuma kwenye WhatsApp picha za maandishi ya mhadhiri, yale yale ya manjano aliyomsomea shangazi yako.

Tatizo kubwa la kampasi hii ni menejimenti.

"Mama, niko darasani."

"Darasa gani la kulala kitandani na simu? Hebu nenda ukachote maji, na ukirudi umpe ng'ombe nyasi."

Usimlaumu. Alijinyima akakupeleka ukatoke hapo nyumbani, na sasa amerudishiwa mtoto pamoja na chuo chake. Hakuna aliyemwandikia barua kumwomba nafasi. Ukitaka amani, hudhuria mhadhara ukimenya viazi.

Na fedha? Bodi ya HELB wakati huo ilikuwa ikikopesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza hadi shilingi 60,000 kwa mwaka. Sehemu huenda chuoni moja kwa moja, na sehemu ya kujikimu hukufikia kwa mafungu muhula ukifunguliwa. Je, muhula unaosomewa juu ya jiwe umefunguliwa au haujafunguliwa? Swali hili linafaa kufanyiwa shahada ya uzamili, ukiwa unasubiri. Wakati huo huo jaribu Kazi Mtaani. Katika awamu yake ya pili serikali ililipa vijana shilingi 455 kwa siku wafyeke nyasi na kuzibua mitaro, na siku moja ya mtaro ingekununulia bando la kuhudhuria mihadhara ya uhandisi wa mifumo ya maji taka. Ndugu nao, ambao zamani walisingizia gharama ya kutuma pesa, wataambiwa kutuma ni bure, na papo hapo watagundua kwamba kuna korona.

Karo italipwa kama kawaida. Soma hati ya malipo kwa makini: ada ya maktaba iliyofungwa, ada ya matibabu katika zahanati iliyo kilomita 400 kutoka ulipo, ada ya michezo. Bila kumaliza deni hupati kadi ya mtihani. Hapa wengi hunung'unika, jambo ambalo si la kitaaluma. Wewe andika ankara yako. Kodi ya jiko, miezi tisa. Umeme wa kuchajia simu kwa kinyozi. Bando. Matengenezo ya kioo cha simu ya dada. Ulinzi wa usiku: mbwa mmoja. Posho ya menejimenti: mama. Jumlisha, piga muhuri wa chifu, upeleke kwa mhasibu wa chuo utakaporudi. Wa mwaka wa mwisho walianza kurejea kwanza, na wengi wa waliosalia wakafuata Januari 2021, wakiwa na barakoa na bila magodoro.

Mhasibu hatakulipa, bila shaka. Lakini usiitupe nakala yako. Mwaka mmoja baada ya kuhitimu utatakiwa uanze kulipa mkopo wa HELB kwa riba ya asilimia 4, na faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi. Lipa kwa simu, kutoka popote ulipo. Mtandao huo haukuhitaji kilima.