Barua Kutoka Roma: Wapangaji wa Ikulu

Mjomba aliuliza mbele ya kundi zima la ukoo kwamba huku Roma nafanya nini zaidi ya kuosha vyombo vya wenyewe. Mjomba, nimeingia ikulu. Sikujuana na mtu, wala sikupenya. Nililipa euro 1.50, nikaonyesha kitambulisho, nikapita kwenye mashine ya ukaguzi, basi. Mimi niliyezoea kukaza mwendo kila nikipita ikulu yetu ya Magogoni, nisije nikaulizwa natazama nini, leo nakaribishwa ndani kwa rais wa watu!

Ikulu yenyewe inaitwa Quirinale, jina la kilima ilipojengwa. Aliyeanza kuijenga ni Papa Gregori wa 13, mwaka 1583. Vatikani iko bondeni, karibu na mto Tiber, na enzi hizo kiangazi kilikuja na joto na homa. Mbu hakuna aliyemshuku. Walichojua ni kwamba kilimani kuna upepo, wakapanda. Tangu hapo wamepita mapapa 30, wafalme 4, na sasa marais 12.

Langoni wanasimama walinzi wa rais, Corazzieri. Ukiwa chini ya sentimita 190 hawakuchukui, na juu ya urefu huo wanavaa kofia ya chuma yenye mkia wa farasi. Nilimsalimu mmoja. Alipepesa jicho, nikahesabu kuwa ameitikia.

Sasa niwape habari za wapangaji. Mwaka 1870 jeshi la mfalme wa Italia liliiteka Roma. Papa Pio wa 9, aliyekuwa amejifungia Vatikani, akaombwa funguo za Quirinale. Akakataa katakata. Ikabidi aitwe fundi wa vitasa aje afungue mlango! Ndivyo ukoo wa kifalme ulivyopata nyumba, na haukudumu nayo sana: tarehe 2 Juni 1946 wananchi walipiga kura, ufalme ukashindwa, na mfalme wa mwisho akaondoka akiwa ametawala mwezi na siku chache.

Mpangaji wa sasa ni mzee Sergio Mattarella. Januari 2022 miaka yake saba ilikuwa inakwisha, naye akiwa na umri wa miaka 80. Akatafuta fleti ya kupanga mjini, akafunga vitu vyake kwenye maboksi, na msemaji wake akaipiga picha ile mizigo na kuirusha mtandaoni ili asiwepo wa kubisha. Wabunge wakapiga kura, wakapiga tena, jina halipatikani. Mwishowe wakamwendea: mzee, tusaidie, baki. Akabaki. Shangazi, hapo urudie kuwasomea wazee polepole: rais alikuwa anataka kuondoka, na waliomzuia ni wabunge. Sitaji nchi ya mtu.

Uani kuna mnara wenye saa, na hiyo saa ina tarakimu sita tu. Wenzangu wa msafara, Waitaliano watupu, walikunja nyuso. Mwongozaji akaeleza kwamba zamani Roma ilihesabu saa tangu jua linapotua, mshale ukizunguka mara nne kwa siku; kuhesabu tangu usiku wa manane kulikuja na Wafaransa. Nikawaambia kwetu hadi leo jua likishatua ndiyo saa moja. Bibi mmoja akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama na sisi tuliwahi kutawaliwa na papa.

Lakini kilichonifunga miguu kiko kwenye ukumbi mkubwa. Juu ukutani wamechorwa mabalozi wa nchi za mbali, kazi ya mwaka 1616 na 1617. Wameegemea kingo zilizotandikwa mazulia, wanatuchungulia sisi tulio chini kama majirani wa ghorofani waliosikia ugomvi. Kuna Wajapani, kuna Waajemi, na kuna Mwafrika: Antonio Manuel Ne Vunda, balozi wa mfalme Alvaro wa 2 wa Kongo. Alifunga safari mwaka 1604, maana mfalme wake alitaka kuzungumza na papa moja kwa moja bila Wareno kuwa katikati. Akapitia Brazil, akaporwa na maharamia wa Kiholanzi, akakwama Hispania miaka. Roma aliingia Januari 1608, yu mgonjwa. Papa Paulo wa 5 alimwendea kitandani, na siku chache tu tangu afike, balozi akafariki. Kaburi lake liko kanisa la Santa Maria Maggiore, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka ikulu, na sanamu yake ya jiwe jeusi ipo hadi sasa.

Mwongozaji alimtaja Ne Vunda kwa sentensi moja, akahamia kwenye dari. Dari ni nzuri, sikatai. Mimi nilibaki pale mpaka mlinzi akakohoa. Kila nikisikia mtu analalamikia foleni ya viza, nitamsimulia habari za balozi huyu.

Kwa hiyo Mjomba, ukija, hiyo euro na nusu juu yangu. Jina linaandikishwa siku kadhaa kabla, kitambulisho usisahau, na Jumatatu na Alhamisi wanafunga.