Jinsi ya Kusahau Majina Mjini Garissa Bila Kumkosea Mtu

Kwanza tulia. Jina likikutoroka mdomoni, Kiswahili kimekuwekea akiba ya kutosha: nanihii, dude, kidude, kitu, fulani. Kazi yako ni kujua lipi litumike wapi, maana kuna kaunta ambapo nanihii itakununulia chochote, na kuna soko ambapo haikununulii hata mbuzi mmoja.

Anzia dukani kwa vifaa vya ujenzi, ndiko kwepesi. Mfereji wa nyumbani unavuja, na Garissa maji hayachezewi. Pasipofika bomba watu hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni wa punda. Umefika kaunta, wateja wamepanga foleni nyuma yako, na jina halipo. Usiseme "nipe ile kitu" kisha ukanyamaza. Sema: "Nipe ile nanihii ya mfereji, nyeusi, ya mviringo, inakaa ndani."

"Raba?"

"Hiyo hiyo."

"Ya nusu ama ya robo tatu?"

Hilo swali la pili ndilo huwarudisha watu nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo beba ile mbovu mfukoni, uiweke mezani kabla hujafungua kinywa.

Kama huna ya kuonyesha, ngeli itakusaidia. Nanihii hailegezi sarufi hata kidogo. Ukisema "nipe kile," muuzaji ameshajua hakuna haja ya kugusa mfuko wala jembe. Ukisema "ule," vijiko na vikombe vimeondoka kwenye hesabu. Hata kitendo kilichosahaulika huvaa nafsi na wakati wake: "Umenanihii mlango?" na mtoto anakwenda moja kwa moja kuangalia kufuli. Garissa wengi wamekulia Kisomali nyumbani na Kiswahili shuleni au sokoni, na "ile" hubeba kila kitu kilicho chini ya jua. Watu wanaelewana vizuri, wala sioni sababu ya kumsahihisha mtu mwenye haraka. Lakini siku jina limekupotea, ngeli ni msaada wa bure. Utumie.

Kwa watu, weka nanihii kando kabisa. Kumwita mtu mzima dude ni tusi, na kumwita "wewe nanihii" ni kumwambia kwamba hakukugusa moyoni. Wala usichukue neno la kwanza la Kisomali ulilolisikia stendi ya mabasi. "Warya" ni ya kumwita kijana au mwenzako wa rika; mzee ukimwita hivyo utasikia kimya kirefu.

Kisomali kina njia bora zaidi, nayo ni ukoo. Mwanamume wa umri wa baba yako ni adeer, yaani ami, au abti, yaani mjomba. Mama wa makamo ni eeddo, shangazi, au habaryar, mama mdogo. Ajuza ni ayeeyo. Wa rika lako, mume kwa mke, ni walaal. Si lazima muwe na damu moja. Na utamu wake ni kwamba majina haya hurudi yalikotoka: mzee unayemwita adeer naye atakuita adeer, abti atakuita abti. Mnaweza kusalimiana hivyo msikitini na dukani miaka mingi, kwa upendo wa kweli, bila yeyote kati yenu kuulizwa jina.

Shida huja unapomtaja asiyekuwepo. Kiswahili kina fulani, awe mume au mke. Kisomali hutenganisha: hebel kwa mwanamume, heblaayo kwa mwanamke. Lakini "Hebel amekutafuta" haimsaidii mtu. Hata jina lenyewe huenda lisisaidie, kwa kuwa Msomali hana jina la ukoo: ana lake, la baba na la babu, na Mohamed, Abdi na Hassan hupokezana vizazi kwa vizazi. M-Pesa imekuletea ujumbe kwamba umemtumia Mohamed Abdi Mohamed. Uliza mtaa mzima wa Bulla Iftin ni nani huyo, utaonyeshwa watu kumi.

Hapa ndipo naanays, jina la utani, hufanya kazi ambayo kitambulisho kimeshindwa. Dheere ni mrefu, Gaab ni mfupi, Gurey ni wa mkono wa kushoto, Madoobe ni mweusi. Si ya vichochoroni tu. Rais wa kwanza wa Somalia, Aden Abdulle Osman, hujulikana kama Aden Adde, Aden mweupe, na uwanja wa ndege wa Mogadishu umeitwa hivyo. Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa rais kuanzia 2017 hadi 2022, dunia nzima inamjua kwa Farmaajo, kutoka neno la Kiitaliano la jibini. Kwa hiyo ukisahau, uliza: "Mohamed yupi, Dheere ama Gurey?" Ila usimbunie mtu naanays ya kwako. Hupewa na waliokua naye, na mengine hutaja kasoro ya mwili. Mgeni akiyatamka kabla ya kuzoeana yanauma.

Mwisho ni soko la mifugo, na hapo akiba yako yote imekwisha. Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo Kenya, na wafugaji wake wamempa ngamia jina kwa kila hatua ya maisha. Hal ni jike aliyekomaa. Qaalin ni jike kijana. Nirig ni ndama. Awr ni dume la kubeba mizigo, baarqab ni dume la mbegu. Mnunuzi anayesema "ile nanihii kubwa, ya huko nyuma" ameshamwambia dalali kwamba hajui anachonunua, na bei itapandishwa hapo hapo.

Majina yakikukimbia mbele ya zizi, taja kazi: wa maziwa au wa mizigo, aliyekomaa au anayekua, pamoja na ndama wake au peke yake. Jina utapewa na dalali mwenyewe. Na kama ni wa maziwa, muulize alizaa lini kabla hujatoa hata shilingi.