Ushauri kwa Walimu Walioko Bangkok: Heshima Tele, Mamlaka Haba

Miongoni mwa walimu wa kigeni wanaofundisha Kiingereza katika shule za Bangkok, mji mkuu wa Tailandi, wamo Wakenya na Waganda, na wengi wao waliondoka nyumbani wakidhani kwamba yatakayowasumbua ni joto, pilipili na msongamano wa magari, yaani mambo ambayo mtu wa Mombasa au Kampala ameyazoea tangu utotoni. Barua zilizoletwa kwenye safu hii hazitaji joto hata kidogo. Takribani zote zinahusu cheo, kwa kuwa mwalimu anajikuta amepewa heshima ambayo hakuwahi kuiona kwao, kisha anagundua kwamba mamlaka yaliyopaswa kuandamana na heshima hiyo yamebaki kwingine.

Mwalimu wa On Nut anaeleza kwamba katika juma lake la kwanza aliwaamkia wanafunzi kila alipokutana nao, akiwa ameunganisha viganja mbele ya kifua na kuinamisha kichwa, kwa namna ya salamu iitwayo wai, na kwamba watoto walicheka, naibu wa mwalimu mkuu akanuna, na mlinzi wa lango akaanza kumtazama kwa huruma. Anauliza amekosea wapi, ilhali kitabu cha wageni kilimwambia kuwa wai ni alama ya adabu. Kitabu hicho kilisema kweli nusu. Wai hupanda kutoka chini kwenda juu kama shikamoo ipandavyo, mdogo ndiye anayeanza na mkubwa ndiye anayepokea, hivyo mwalimu huyo alikuwa akiwapa shikamoo watoto wa darasa la nne na kusubiri wamjibu marahaba. Dawa yake ni kuacha mikono mahali pake, kungoja aamkiwe, kisha kujibu kwa kutikisa kichwa au kwa wai ndogo, na kuihifadhi ile ya heshima kubwa kwa watawa wa Kibudha na kwa mkuu wa shule.

Msomaji huyohuyo, ambaye amelelewa katika kanisa lisiloruhusu binadamu kupigiwa magoti, ana hofu ya Wai Khru, yaani sherehe ya kuwaheshimu walimu ambayo kwa desturi hufanyika siku ya Alhamisi, mara nyingi mwezi wa Juni, wiki chache baada ya mwaka wa masomo kuanza katikati ya Mei. Wanafunzi husogea kwa magoti hadi mbele ya walimu wakiwa wamebeba sinia za maua, na kila ua lina somo lake: dok khem, ambalo jina lake linataja sindano, huombea akili kali; ua la mbilingani, ambalo huinama, husimamia unyenyekevu; na majani ya ya phraek, ambayo ni jamii ya ukoka, husifiwa kwa sababu hukanyagwa na kuota tena. Mwalimu hana haja ya kujificha chooni siku hiyo. Aketi, apokee sinia, aseme neno jema, na atulize dhamiri yake kwa kukumbuka kwamba kinachoinamiwa ni kiti alichokalia, jambo ambalo litathibitika mwisho wa muhula atakapopeleka alama ofisini.

Kuhusu alama hizo, mwalimu wa Min Buri, ambaye alisahihisha mitihani nchini Kenya kwa miaka mingi bila mtu kumwekea mkono, anasimulia kwamba aliwapa sifuri wanafunzi kadhaa waliorudisha karatasi tupu, akaitwa ofisini, akakaribishwa chai, akasifiwa shati lake, na mwishoni akaombwa kwa upole aitazame tena orodha. Anauliza kama aliamriwa kubadili alama au hakuamriwa. Jibu ni kwamba aliamriwa, ila kwa adabu inayoitwa kreng jai, yaani ile hali ya kuchelea kumsumbua mwenzako au kumtia haya, ambayo ndiyo humzuia mkuu wa idara kusema waziwazi anachotaka, na ndiyo hiyohiyo humzuia mwanafunzi kunyoosha mkono na kukiri kwamba hakuelewa. Katika shule za Tailandi alama za masomo huanzia 0 hadi 4, na anayepata 0 hupewa nafasi ya kurudia mtihani au kufanya kazi nyingine mpaka ile sifuri iondoke, na anayetunga mtihani wa marudio, kuusimamia na kuusahihisha ni mwalimu yuleyule aliyeitoa. Kwa utaratibu huo sifuri ni adhabu ambayo mwalimu hujipa mwenyewe. Safu hii haioni kwamba desturi hiyo ni njema, kwa kuwa kijana anayemaliza sekondari bila kuweza kuandika sentensi moja ya Kiingereza amefanyiwa adabu na kunyimwa elimu. Hata hivyo, mwalimu mmoja mgeni hataibadilisha kwa kalamu nyekundu. La busara ni kutoa sifuri mapema, katika kazi ndogo za kila wiki, ili marudio yafanyike darasani muhula ungali mchanga, na kuzitunza karatasi tupu kwa siku ambayo mzazi atakuja kuuliza.

Barua kutoka Thonburi ni fupi na ina huzuni. Mwandishi wake, Mwislamu kutoka Lamu, anasema kwamba kila asubuhi hulazimika kuita darasani majina Bia na Nguruwe, na watoto wawili wenye adabu kamili huitika. Yafaa aelezwe kwamba Mthai huwa na jina rasmi, ambalo aghalabu ni refu, na jina la ukoo, ambalo sheria ya mwaka 1913 ililifanya kuwa la lazima, lakini kwa matumizi ya kila siku huwa na jina fupi la nyumbani alilopewa tangu utotoni, na jina hilo laweza kuwa Ndege, Kamba wa baharini, Golf, Beer au Mu, ambalo ndilo nguruwe. Wazee husema kwamba majina ya namna hiyo yalikusudiwa kuwahadaa pepo wasimtamani mtoto. Mtu aliyesoma darasa moja na Mashaka, Tabu na Shida hana msingi wa kustaajabu, na kuhusu sheria ya dini, kumtaja nguruwe si kumla.

Barua iliyochukua muda mrefu zaidi kujadiliwa ni ya mwalimu wa Lat Phrao, mzaliwa wa Kakamega, ambaye wakala wake, yaani kampuni inayoajiri walimu na kuwakodisha kwa shule, alimtaka awaambie wazazi kuwa anatoka Marekani. Anaongeza kwamba mwenzake kutoka Ulaya, ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha na ambaye hakusomea ualimu, analipwa zaidi yake na picha yake imebandikwa langoni. Tatizo hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa karatasi: waombaji kutoka nchi kama Uingereza, Marekani, Kanada na Australia huhesabiwa kuwa wazawa wa lugha, ilhali Mkenya aliyefundishwa masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la nne mara nyingi hutakiwa kuonyesha cheti cha mtihani wa lugha hiyo, kama vile TOEIC, kabla ya kupata nafasi. Upande wa pili hauandikwi popote, nao ni kwamba baadhi ya wazazi hununua sura ya mwalimu kabla ya kununua somo, na wakala, ambaye ni mfanyabiashara, huuza kinachonunuliwa.

Safu haiwezi kumshauri mtu aseme uongo, hasa uongo unaokanushwa na pasipoti ambayo nakala yake imo katika faili la shule na katika idara ya uhamiaji, na ambao wanafunzi wenye simu wataufichua kabla ya mapumziko ya saa nne. Lakini kukataa peke yake hakutoshi. Inafaa mwalimu awe na hoja ya kumpa mkuu wa shule. Hoja hiyo ipo. Mkataba wa jumuiya ya ASEAN, inayounganisha Tailandi na jirani zake, ambao ulianza kutumika mwaka 2008, unataja Kiingereza kuwa lugha ya kazi ya jumuiya, na maana yake ni kwamba mtoto wa Bangkok atakapokua atazungumza Kiingereza na Mvietnam, Mfilipino na Mwindonesia mara nyingi kuliko atakavyozungumza na mtu wa London. Wote hao walijifunza lugha hiyo wakiwa na lugha nyingine kinywani. Mtu wa Kakamega aliyeanza na Kiluhya, akafuata Kiswahili, ndipo akafika kwenye Kiingereza, anakumbuka ni wapi paliuma. Mzawa wa lugha hakumbuki, kwa sababu hapakumuuma popote. Ikiwa mkuu wa shule atasikiliza na kutabasamu bila kubadili chochote, mwalimu ajue kwamba amejibiwa, na aanze kupeleka maombi kwenye shule zinazoajiri moja kwa moja bila wakala.

Mwalimu wa Bang Na ameleta habari ya furaha iliyogeuka fedheha. Alialikwa chakula cha jioni kwa saa iliyotajwa kuwa song thum, na kwa kuwa alijua song ni mbili, akafika saa mbili usiku kamili huku Mwingereza mwenzake akiwa bado anapekua kamusi. Kesho yake aliitwa mkutanoni kwa bai song, akafika saa mbili asubuhi, akasubiri mpaka saa nane mchana. Hesabu ya jadi ya Kithai hugawa siku katika mafungu manne ya saa sita sita. Fungu la jioni huanza baada ya saa kumi na mbili, hivyo kutoka nueng thum hadi ha thum, yaani moja hadi tano, Mthai na Mswahili hupatana kabisa. Usiku wa manane hesabu huanza upya, saa saba ya Mswahili ikawa moja, na alasiri pia huhesabiwa kuanzia adhuhuri. Mwalimu aitegemee saa ya Kiswahili jua likishazama, na ikifika saa sita usiku aiweke mfukoni. Zaidi ya hayo, Bangkok iko mbele ya Nairobi kwa saa nne, na mama anayepiga simu kutoka Kitale saa tatu usiku, akishamaliza chakula chake kwa utulivu, anamwamsha mwanawe saa saba usiku.

Maswali madogo yanaweza kujibiwa kwa pamoja. Mkataba unaosema utakwisha mwaka 2569 haumfungi mwalimu kwa karne tano, kwa kuwa kalenda ya Kibudha iko mbele kwa miaka 543. Wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi au saa kumi na mbili jioni katika kituo cha treni, mtu husimama hata kama treni yake imefika. Sarafu inayobingirika isizuiwe kwa mguu, maana ina sura ya mfalme, na kifungu cha 112 cha sheria ya jinai, kinachomlinda mfalme dhidi ya kukashifiwa, kina kifungo cha miaka 3 hadi 15. Ni kweli kwamba mguu juu ya sarafu haujatajwa humo, lakini mgeni si mtu wa kufaa kupima mipaka ya kifungu hicho.

Swali la mwisho ni la mwalimu wa Lat Krabang, anayetaka kujua kama aongeze mkataba wake wa miezi kumi. Kabla ya kutia sahihi na aulize mambo mawili: nani atamlipa Machi na Aprili, shule zikiwa zimefungwa na kodi ya nyumba ikiendelea kudaiwa, na kibali chake cha kazi kimeandikwa kwa jina la shule au la wakala, kwa kuwa mwenye jina hilo ndiye atakayeweza kumzuia akitaka kuhama. Kuhusu shati la njano ambalo shule humtaka avae kila Jumatatu, siku aliyozaliwa mfalme, na ambalo anauliza kama gharama yake hurudishwa, hairudishwi.