Mwongozo kwa Mwanaume Asiye na Shida Yoyote

Mwongozo huu haukuhusu. Wewe uko freshi. Ni wa rafiki yako, yule ambaye tangu mikopo ya kausha damu imfike shingoni, halali; saa tisa usiku yuko sebuleni kashika simu iliyozimika, na mtoto akimwaga chai anafokewa kana kwamba kachoma nyumba. Msomee. Akigoma, soma mwenyewe polepole, utamsimulia.

Kitu cha kwanza kulinda ni lugha. Mwanaume haugui sonona, ana presha. Hana hofu, ana vidonda vya tumbo. Hana huzuni, kachoka tu na kazi. Maneno haya yana faida yake, maana yanamfikisha mtu hospitali bila kumvunjia heshima. Tena hasemi uongo: kichwa kinagonga kweli, kifua kinabana kweli, mgongo unauma kweli. Mdomo ukikatazwa kusema, viungo vingine hushika zamu. Basi rafiki yako atapimwa malaria, sukari na moyo, vyote vitatoka safi, na kwa kuwa hakuna Mtanzania anayeruhusiwa kutoka maabara mikono mitupu, ataambiwa ana UTI. Atameza dozi yote bila kuruka. Saa tisa usiku yuko sebuleni.

Tiba ya nyumbani isidharauliwe. Zamani kulikuwa na viroba vya pombe, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku mwaka 2017 na kuwaacha wanaume wengi bila kliniki. Chupa ndogo zimejitahidi kuziba pengo. Hasara yake ni moja tu: pombe humlaza mtu fofofo, kisha humwamsha usiku wa manane, na asubuhi moyo unakuwa mzito kuliko jana. Tiba ya pili ni mkeka wa kubeti. Deni la laki tatu linatibiwa kwa timu kumi na mbili za Ulaya, na mkeka ukichanika kwa timu moja, deni ni laki tatu na nusu. Ya tatu ni mpira wenyewe. Hii naiheshimu. Jukwaani pale, Simba akikosa penalti mbele ya Yanga, ndipo mahali pekee nchini ambapo mwanaume mwenye mvi analia hadharani na mwenzake anamshika bega bila mtu kuuliza kulikoni. Wapo wanaolia kuliko penalti yenyewe inavyostahili.

Pia kuna kijiwe. Kahawa, kashata, bao.

"Vipi mzee?"

"Poa tu. Wewe je?"

"Tunapambana."

"Ndiyo maisha."

Usicheke. Hapo wanaume wawili wamepeana taarifa kamili. "Tunapambana" ndilo neno zito kuliko yote ya kijiweni, na aliyelisema ametamani mtu amuulize swali moja zaidi. Mwongozo unamkataza kila mtu kuuliza. Ukishindwa kujizuia, muulize mkiwa njiani, mmetazama mbele, mkitembea bega kwa bega. Mwanaume husema mengi pale asipotazamwa machoni, ndiyo maana vinyozi na madereva wa bodaboda wanajua siri za mtaa mzima.

Sasa zikipita wiki mbili, hamu ya kula hakuna, usingizi hakuna, hata mpira haumwambii kitu, itabidi rafiki yako apelekwe. Hapa ndipo wengi wanapokwama kwa sababu ya neno Mirembe. Tumelitumia miaka mingi kutukanana hadi hospitali yenyewe ya afya ya akili, iliyoko Dodoma, ambayo imekuwa ikitibu watu tangu enzi za Mwingereza, imegeuka tusi. Kwa kweli Dodoma ni mji rahisi kwa msafiri mwenye siri, kwani akiulizwa anakwenda wapi anaweza kusema Bungeni, ingawa sina hakika kama hapo ataonekana mwenye akili zaidi. Lakini safari yote hiyo haina haja. Aanzie hospitali ya wilaya, aulize kliniki ya afya ya akili. Akiona haya na kibao cha mlangoni, akae kwanza kwenye benchi la macho.

Mlango ukifunguka, ingia wewe. Sema: "Sista, nina rafiki yangu ana tatizo." Sista hatacheka. Ameshaonana na marafiki wengi.

"Analala?"

"Analala saa nne, saa nane macho kodo. Anaangalia dari tu mpaka adhana."

"Dari la nini?"

"Silingibodi. Lina doa la maji hapa kushoto, kama..."

Utanyamaza hapo. Yeye ataendelea kuandika. Atauliza kuhusu chakula, kazi, hasira, pombe, na ndani ya wiki mbili zilizopita ni siku ngapi rafiki yako ameona hana thamani. Jibu kwa niaba yake.

Kisha atauliza kama amewahi kufikiria kufa. Hapa mbwembwe zikome, jibu ukweli. Swali hilo halimtii mtu wazo kichwani, humtua mzigo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Najua wengi wanaogopa sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka Katiba. Ila kufikiria si kosa kwa sheria yoyote, na sista si polisi. Na kama rafiki ameshafikiria lini na kwa namna gani, asisubiri siku ya kliniki wala asiachwe peke yake. Apelekwe usiku huohuo, mapokezi ya dharura.

Akiandikiwa dawa, kuna habari njema kwa mwenye aibu. Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona zinazotumika sana, hutolewa pia kwa maumivu ya neva, kwa hiyo anayeulizwa anaweza kusema ni ya mgongo. Haipatani na pombe, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na haiachwi ghafla siku ile mtu anapojisikia mwepisi. Wengine hawapewi dawa kabisa. Wanapewa tarehe ya kurudi kuongea, jambo ambalo kwa mwanaume ni zito kuliko sindano.

Sista ataomba jina la kuandika kwenye kadi. Taja la rafiki. Wiki ijayo likiitwa kwa sauti pale benchi la macho, simama wewe. Nyumbani sema ulimsindikiza mtu hospitali, na mkeo akikuuliza rafiki yako anaendeleaje, usimuulize amejuaje.